Daipoli ya megahezi 7: kila mkono mita ngapi?

Umeuliza kama daipoli, yaani antena ya waya yenye mikono miwili, ni mita 20 kila mkono. Siyo, ndugu. Mita 20 ni mikono yote miwili pamoja, kwa hiyo kila mmoja kama 10. Gawanya 300 kwa megahezi zako, tuseme 7.1, upate wimbi la mita 42 na ushei. Nusu yake ni 21, kisha toa asilimia 5 hivi, maana kwa mawimbi ya redio waya huwa kama mrefu kuliko unavyopimwa kwa futi kamba. Njia ya mkato: 143 gawanya kwa megahezi, upate mita za mikono yote miwili.

Lakini kata mita 10.4 kila mkono kwanza, ipandishe, pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa), kisha punguza kidogo kidogo pande zote mbili sawa. Kuunga waya uliokatwa mfupi ni kazi ya kuudhi. Paa la mabati likiwa karibu, hesabu zote hizi hutikisika.

Na hapa Mombasa adui ni chumvi. Pale kebo ya kutoka redioni inapoungana na waya, tia lehemu na uzibe vizuri, la sivyo shaba itageuka kijani na maji yataingia ndani ya kebo. Ukifunga kwenye mnazi, acha kamba ilegee. Kusi ikivuma mti huyumba na waya hukatika.