Cheza kwanza, maoni utayasoma baadaye

Ukiambiwa kabla hujaanza kwamba gemu fulani ni mbovu, unaicheza kama mkaguzi. Kamera ikichelewa kidogo kugeuka, unajisemea moyoni, "Ndiyo haya waliyoyasema." Kasoro hiyohiyo kwenye gemu iliyosifiwa inakupita bila kuiona. Ninayajua haya kwa kucheza miaka mingi, na ndiyo maana nina utaratibu: gemu ikinivutia kwa picha zake au kwa wazo lake, sisomi uhakiki wake mpaka niwe nimeicheza jioni kadhaa na kujua inanifanya nijisikieje.

Najua utasema gemu ni ghali, mtu hawezi kununua kibubusa. Ni kweli. Hapo tofautisha habari na ladha. Kama gemu inakwama, inajizima, au inadai pesa zaidi baada ya kununuliwa, hizo ni habari, zitafute. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, hali yake kwenye PlayStation 4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni baada ya wiki moja tu. Aliyesoma maonyo mapema aliokoa pesa zake. Ila angalia na tarehe ya unachokisoma. No Man's Sky ilizomewa mno mwaka 2016, kisha watengenezaji wake wakaendelea kuiongezea mambo bure mwaka baada ya mwaka, hata lawama nyingi za mwanzo haziihusu tena.

Ladha ni jambo jingine. Kama hadithi inagusa, kama mapigano yanachosha, hayo hakuna wa kukuamulia. Tena kelele nyingi hazitoki hata kwa watu waliocheza. Juni 2020, The Last of Us Part II ilimiminiwa alama za sifuri kwa maelfu kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za gemu, saa chache baada ya kutoka, ilhali kuimaliza kunachukua saa zaidi ya 20. Mwezi uliofuata Metacritic iliweka sharti kwamba wachezaji wasubiri saa 36 tangu gemu itoke ndipo waipe alama. Na kabla ya hapo, mwaka 2001, Nintendo ilipoonyesha sura ya The Wind Waker, gemu ya mfululizo wa Zelda, mashabiki wengi wa mfululizo huo walikasirika: walitarajia shujaa wake, Link, aliyefanana na mtu halisi, wakaonyeshwa mtoto wa katuni mwenye macho makubwa. Leo gemu nyingi za wakati ule zilizojitahidi kufanana na uhalisia zimechakaa machoni, lakini bahari na upepo wa gemu ile bado ni vizuri kutazama. Waliokasirika walikuwa wakiihukumu picha waliyokuwa nayo kichwani.

Kumbukumbu nazo hufanya kazi hiyohiyo, ila sauti inayokushawishi safari hii ni yako mwenyewe. Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi hudhani kuna mambo mawili tu: ama gemu za zamani zilikuwa bora, ama tunajidanganya.

Chukua Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Kwenye PlayStation 2 ulimwengu wake ulionekana hauna mwisho. Unatoka mji wa Los Santos kwa gari, unapita mashamba, mlima, jangwa, na kila unakokwenda mbele kuna utusitusi wa ukungu. Utusitusi huo ulisaidia mashine yenye uwezo mdogo isilazimike kuchora vitu vya mbali, lakini ulifanya na kazi nyingine: ulificha udogo wa ramani. Toleo lililofanyiwa ukarabati lilipotoka Novemba 2021, ukungu uliondolewa. Ukipaa angani uliiona miji yote mitatu ya gemu kwa pamoja, imesogeleana. Wachezaji walilalamika, na mwaka 2024 taa na anga za zamani zikarudishwa. Basi waliosema "zamani ilikuwa kubwa zaidi" hawakuwa wakiota. Walikumbuka kitu halisi kilichotengenezwa na ukungu. Ndivyo ilivyo pia kwa michoro ya vidoti ya miaka ya 80 na 90: wachoraji waliichora kwa televisheni za kioo kinene ambazo ziliyeyusha kingo za rangi. Ukiiona kwenye skrini ya leo imejaa vipande vya mraba, si macho yako yaliyokudanganya utotoni.

Kuna sehemu ya kumbukumbu, hata hivyo, ambayo hakuna ukarabati utakaoirudisha: aliyekaa pembeni yako akisubiri zamu ya kushika padi, na likizo ndefu isiyo na la kufanya. Kwa hiyo kabla ya kununua tena gemu ya zamani, jiulize unachokitafuta ni kipi. Ukiwa unaitaka gemu yenyewe, itafute katika toleo lake la awali kadiri inavyowezekana, na uipe muda mikono yako izoee vitufe tena. Usiihukumu kwa dakika kumi za kwanza, maana hata zamani hukuipenda kwa dakika kumi. Ukiwa unawataka watu, watafute watu. Wapigie uliokuwa ukicheza nao, mchague gemu mpya ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuigusa, wala aliyesoma lolote juu yake, muanze wote mkiwa hamjui kitu.