Kupima TB mgodini: walioambiwa "huna" ndio walionitia hofu

Mkuu, umeuliza kama kuna faida ya kuleta wapimaji wa TB mgodini kwenu, maana vijana wa mgodi wa jirani walipimwa na sasa wanaishi vilevile. Nimekaa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, miaka tisa, sita nikichoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, na nimepimwa mara tatu. Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Mara ya kwanza walipanga meza juu, karibu na winchi, wakagawa vikopo vya makohozi. Nusu ya wanaapolo, yaani sisi wachimbaji wa shimoni, walizama shimoni, hawakupanda mpaka gari la wapimaji lilipoondoka. Usiseme ni ujinga. Sisi hatuna mshahara. Unapewa chakula, unasubiri mgodi uzalishe mgawane. Ukikutwa na TB ukaondoka leo, mgodi ukazalisha wiki ijayo, jasho la miezi minane limepotea. Mtu wa hivyo hata akikohoa damu atakwambia ni vumbi tu. Na wengine walijua kwamba ukikutwa na TB utashauriwa upime na VVU, hilo ndilo lililowakimbiza.

Mimi nilipima. Nikaambiwa huna, nenda. Basi, hakuna neno jingine. Kesho yake kitambaa nilichozoea kukilowesha na kukifunga puani nikakiacha kambini, kwa kuwa nilishaamini kifua changu ni kizima. Wenzangu walioambiwa "huna" walilegea vilevile, tena waliokuwa waangalifu kabla ya kupima ndio waliolegea zaidi. Hakuna aliyetwambia kwamba makohozi yanaonyesha kama una TB siku ile. Hayasemi lolote kuhusu vumbi ambalo limeshakaa kwenye mapafu, wala kuhusu utakayekaa naye kesho.

Mmoja wetu alikutwa nayo. Tukamtengea kikombe, sahani na kijiko. Usiku tukalala naye tisa kwenye chumba kimoja cha mabati, dirisha tumeliziba kwa gunia kuzuia baridi. Naumia nikikumbuka. TB haipiti kwenye kikombe, inapita hewani mgonjwa anapokohoa. Tulimnyanyapaa ndugu yetu bure, na ugonjwa wenyewe hatukuuzuia hata kidogo.

Mara ya pili nilikuwa mgodi mwingine. Alikuja muuguzi, mama mtu mzima, akakaa na kila mmoja peke yake, na sisi tusio nayo ndio aliotuchukulia muda mrefu zaidi. Akanieleza kwamba mwamba tunaochoronga una silika, na vumbi lake jembamba likiingia huacha makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na mapafu yenye makovu hayo TB huyashika kirahisi, hata ukiwa umeshaacha mgodi miaka mingi. Kitambaa changu hakikuwa kinazuia vumbi lile. Akasema, "Mwanangu, leo huna TB. Sasa tuongee namna ya kubaki hivyo."

Jioni ile gunia lilitolewa dirishani. Tukaenda kwa bosi kudai maji ya kuchorongea, kwa sababu ukichoronga kwa maji vumbi halipandi sana. Alilalamikia gharama ya kuyashusha chini, tukabishana karibu mwezi mzima, akakubali. Barakoa nzuri zililetwa pia, lakini kule chini joto ni kali na baada ya wiki chache nyingi zilikuwa zimevaliwa kidevuni, yangu ikiwemo. Maji na dirisha ndivyo vilivyodumu, kwa sababu havimtegemei mtu mmoja mmoja kukumbuka kila asubuhi.

Kuna jambo la tatu, nalo nalipa uzito kuliko yote. Kabla ya kupima mara ya tatu, bosi alitamka mbele ya wote kwamba atakayekutwa na TB fungu lake linabaki, na akipona atapewa kazi ya juu. Siku hiyo hakujificha mtu. Aliyekuwa akikohoa tangu masika alitangulia foleni. Akakutwa nayo, akaanza dawa, ambazo ni za bure, akazimeza miezi sita yote. Mgodi ulizalisha akiwa mwezi wa nne wa dawa, akaletewa fungu lake nyumbani.

Kwa hiyo mkuu, walete, lakini nenda kwa bosi wako kabla hujapanga tarehe. Muulize fungu la atakayeugua litakuwaje, na ayaseme majibu yake hadharani. Kisha waombe wapimaji wapange muda wa kuzungumza na wasio na ugonjwa pia, hata kama itawabidi kulala siku ya pili. Na wewe mwenyewe, umeandika kwamba unakohoa wiki ya tatu sasa. Usisubiri gari la wapimaji, nenda kituo cha afya kesho asubuhi.