Kabla Hamjapakia Miche: kwa maafisa wapya wa miradi ya kupanda miti

Masika yakifika, foleni ya feri ya Likoni haikosi lori la miche lisilo na turubai, saa saba mchana, na kijana mpya wa mradi amekaa mbele na dereva akibonyeza simu. Nyinyi mliojiunga juzi, haya ni yenu. Funikeni miche kwanza, kisha msome.

1. Hesabuni miezi kurudi nyuma. Hapa ndipo miradi inapofia, basi mnivumilie. Mvua kubwa ya Pwani ni Aprili na Mei. Mvinje unataka miezi minne hadi sita kitaluni, kwa hivyo mbegu ziwe mchangani kufikia Novemba. Mipango yenu je? Kikao Januari, pesa Machi, mashimo Juni, mvua ishakata. Katikati hapo mnanunua miche kwa yeyote aliye nayo, na aliyebaki nayo mpaka saa hizo anauza mche mzee: umekaa mfukoni mwaka mzima, juu umerefuka, chini mzizi mkuu umezunguka na kujisokota.

Mche huo ni laghai. Utashika, utatoa majani, utapigwa picha na wafadhili. Kaskazi ya Januari ikianza kuvuma, mchanga wa Matuga, huku Kwale, unakauka kwenda chini, na mzizi uliozoea kuzunguka haujashuka kuyafuata maji. Ukiung'oa unatoka na umbo la mfuko. Hapo ripoti inaandika kwamba mkulima hakumwagilia. Jamani! Mtu anayechota maji ya kunywa bwawani amwagilie mivinje yenu?

Kabla ya kulipa, chagua miche mitano kila kundi, pasua mifuko, tazama. Ncha ya mzizi ikianza tu kujikunja, ikate kwa wembe. Ikiwa imezunguka mfuko mzima, rudisha kundi lote bila haya. Wiki nne za mwisho kitaluni, punguza maji na kivuli pole pole. Siku ya kupanda, chimba kwanza uone kama udongo umelowa hadi sentimita 30. Na mfuko utoke wote, si kutobolewa chini.

2. Mbegu za mwarobaini hazikai. Baada ya wiki chache nyingi zishakufa. Gunia la mwaka jana mwageni. Mbambakofi ni kinyume: gamba gumu, likwaruze upande ulio mbali na kile kikofia cha rangi ya machungwa, kisha loweka usiku kucha.

3. Msinitajie Bamburi kila mkiona ardhi tupu. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji, alianza kupanda mivinje kule mwaka 1971 kwa sababu palikuwa machimbo, mwamba wa matumbawe mtupu, na hata hivyo majani yaliyoanguka hayakuoza vizuri mpaka majongoo yalipoletwa kuyasaga. Kwa mkulima wa Kwale mvinje ni zao la nguzo. Weka mpakani, auze. Msitu utarudi kwa visiki: kila kisiki kinachochipua acheni machipukizi matatu yaliyonyooka, mengine yakatwe. Hakuna mche utakaomshinda mbio mwenye mizizi ya miaka 20.

4. Ulizeni maswali mawili, si moja: shamba la nani, na miti iliyomo ya nani? Pwani ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule. Mti wa kudumu ni dai la ardhi, ndiyo maana wengi waliokaribishwa tu hukatazwa kuupanda. Ukimpa mtu kama huyo mbambakofi 50, atakushukuru, atakupikia chai, kisha ataiacha ife polepole ili asigombane na mwenye ardhi. Mnamwita mvivu, kumbe anajihifadhi. Muiteni mwenye ardhi barazani kwanza, na makubaliano ya nani atavuna yaandikwe mbele ya mzee wa mtaa.

5. Pandeni kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miche 1,111 kwa hekta, ili mahindi yapite katikati misimu miwili ya kwanza na palizi iwe moja. Kunde hutambaa juu ya mche, basi duara la nusu mita libaki wazi. Muhogo ukae mbali zaidi. Matandazo yasiguse shina, mchwa watapandia hapo.

6. Hesabu ya kweli ni ya Machi, kaskazi ikiisha, si ya siku ya kupanda. Mche uliopukutika msiuandike umekufa kwa kuutazama tu. Kwaruza gome kwa ukucha karibu na ardhi: kukiwa kijani, u hai, kukiwa kahawia, teremka sentimita chache ukwaruze tena, kisha ndipo uandike.