Ukiona namba kubwa usifunge daftari, igawe

Juzi dada mmoja wa Masasi kaniandikia: "Mwalimu, mdogo wangu yuko kidato cha pili. Akiona namba ya tarakimu sita anafunga daftari. Nimfanyeje?"

Dada yangu, mpe 255,255. Ndiyo, ile 255 ya mwanzo wa namba zetu za simu, imeandikwa mara mbili. Namba hiyo ndiyo iliyonijengea jina. Nilikuwa nafundisha twisheni barazani kwa mama mdogo, huku Chuno, Mtwara. Ubao wenyewe mlango mkuukuu uliopakwa rangi nyeusi, ada nalipwa korosho zikishauzwa. Mwalimu mmoja wa shule kubwa (jina nalihifadhi) kila akipita anasema eti nauza chaki. Nauza chaki! Basi jioni moja nikaiandika 255,255, nikawaambia vijana waivunje bila kikokotoo.

Namba ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Hapo nusu ya kazi imekwisha. Inabaki 255: igawe kwa 5 upate 51, na 51 ni 3 × 17. Binti mmoja akazipanga kwa chaki kutoka ndogo kwenda kubwa: 3, 5, 7, 11, 13, 17. Akageuka: "Mwalimu, mbona zimefuatana?" Zimefuatana kweli. Namba tasa zote za witiri mpaka 17, kila moja mara moja, hakuna iliyorukwa.

Utamu unaendelea. Kila moja kati ya hizo sita unaweza kuichukua au kuiacha, kwa hiyo vigawo vyote ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 64. Vijumlishe ukiiacha 255,255 yenyewe, utapata 325,353, kubwa kuliko namba uliyoanza nayo! Kwa namba witiri tabia hiyo si ya kawaida. Ndogo kuliko zote yenye nayo ni 945.

Ushauri wangu basi: igawe. Anza na 2, 3, 5, panda na namba tasa. Ikigawanyika, shika kilichobaki ukigawe tena. Ukifika kipeuo cha pili bila kupata kigawo, hiyo ni tasa. Vijana mnataka uinjinia, mnataka kazi za benki, kugawanya hamtaki. Kaeni chini mgawe!

Wala msiishie njiani. Yule bwana wa "nauza chaki" aliwaambia wanafunzi wake kwamba 30,031 ni tasa, kisa ni 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ukiongeza 1. Kweli, hizo sita haziigawi. Lakini kipeuo chake cha pili ni 173 na ushee, yeye kakomea 13. Kijana wangu mmoja akaendelea mpaka 59, jibu likatoka 509 bila baki. Nikamtuma ampelekee daftari. Tangu hapo nikimsalimia yule bwana sokoni, haitikii.