Usiishie Kwenye Singo: Namna Ninavyoisikiliza Albamu ya Home

Wengi wetu tunaoupenda muziki wa kantri Afrika Mashariki tuliujua kupitia redio, na redio haina nafasi ya albamu nzima. Huchukua singo moja, yaani wimbo uliotolewa peke yake, ikaipiga mpaka masikio yakaizoea, kisha ikahamia nyingine. Albamu iliyonifundisha kusikiliza vinginevyo ni Home ya kundi la Marekani la Dixie Chicks, iliyotoka Agosti 2002, na ushauri wangu wote hapa umetokana nayo.

Anza kwa kuutazama mpangilio wake. Nyimbo tatu zinazoifungua, "Long Time Gone", "Landslide" na "Travelin' Soldier", ndizo zilizotolewa kuwa singo za mwanzo, tena kwa mfuatano huo huo. Anayezijua hizo pekee ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani akaondoka bila kuingia ndani.

Kabla ya kuyafuata maneno, sikiliza vyombo. Albamu hii, iliyorekodiwa Austin, Texas, na kutayarishwa na kundi lenyewe pamoja na Lloyd Maines, baba yake mwimbaji Natalie Maines, haina ngoma. Mapigo yanatoka kwenye besi, gitaa, mandolini na banjo ya Emily Robison, huku fidla ya dada yake, Martie Maguire, ikijibizana na sauti ya Natalie. Ndiyo maana nakusihi usiisikilize kwa spika ya simu: spika hiyo huimeza besi, na pasipo ngoma, besi ikipotea mapigo nayo hudhoofika. Vaa vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei nafuu. Kisha uchukue "Lil' Jack Slade", wimbo usio na maneno ulioshinda tuzo ya Grammy mwaka 2003, uufuate mara ya kwanza kwa banjo peke yake na mara ya pili kwa fidla. Utadhani umesikia nyimbo mbili tofauti.

Ukishazoea vyombo, rudi kwenye maneno, kwa maana kantri nzuri ni hadithi. "Long Time Gone", ulioandikwa na Darrell Scott, unasimulia habari za kijana anayekwenda Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, kutafuta bahati ya muziki, kisha akarudi kwao. Mwishoni anailaumu redio kwa kuwasahau wakongwe wa kantri akina Johnny Cash, Merle Haggard na Hank Williams. Ajabu ni kwamba redio hizo hizo ziliupandisha hadi nafasi ya pili katika chati ya kantri ya jarida la Billboard la Marekani.

Chati, hata hivyo, usizifanye kipimo. "Travelin' Soldier", wimbo wa Bruce Robison kuhusu msichana anayeandikiana barua na askari aliyepelekwa Vietnam, ulikuwa ukifika kileleni Machi 2003 pale Natalie, akiwa jukwaani London tarehe 10, siku chache kabla ya Iraki kuvamiwa, aliposema kuwa wanaona aibu kwamba Rais George W. Bush anatoka Texas, jimbo lao. Vituo vingi vya kantri viliacha kuzipiga nyimbo zao, na singo hiyo ikaporomoka ghafla, ilhali hakuna noti wala neno lililobadilika ndani yake. Kwangu mimi ndio wimbo bora wa albamu, hasa pale jina la askari linaposomwa uwanjani kabla ya mechi na ni msichana mmoja tu anayelia.

"Landslide" uusikilize sambamba na ule wa kundi la Fleetwood Mac wa mwaka 1975, uone jinsi sauti tatu zinavyougeuza wimbo ulioandikwa na Stevie Nicks kwa sauti moja. Nyimbo za kuchekesha za katikati sizipendi sana, na sioni ubaya ukiziruka mara ya kwanza. Lakini usizikatishe mbili za mwisho: "Godspeed", bembelezo ambalo Radney Foster alimwandikia mwanawe, na "Top of the World" wa Patty Griffin, takriban dakika sita za mtu anayejutia namna alivyowatendea watu wake. Zisikilize usiku, simu ikiwa imezimwa mlio.

Ukiitafuta albamu hii mtandaoni, andika The Chicks, kwani tangu Juni 2020 kundi limeliacha jina la zamani, na hata kazi zao za awali sasa huwekwa chini ya jina jipya.