Saba imeiva?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naendesha foklifti kwenye ghala hapa Columbus, Ohio, zamu ya usiku. Wenzangu hucheza Pick 3, bahati nasibu ya jimbo, kila siku. Mmoja ana daftari analoandikia matokeo. Juzi kaniambia saba haijakaa nafasi ya mwisho kwa droo kumi mfululizo, kwa hiyo "imeiva", niweke dola ishirini. Ni kweli? Na streti na boksi ni nini? Kuwauliza wao naona haya.
Mgeni wa Zamu ya Usiku

JIBU: Marahaba mwanangu. Haya za nini? Mimi nimeuza tiketi hizo miaka sita kwenye kaunta ya kituo cha mafuta, na wiki ya kwanza nilimpigia mteja boksi alipotaka streti. Matusi niliyoyapata siku hiyo hayachapishiki humu.

Unachagua tarakimu tatu, kila moja kati ya 0 na 9. Namba zote ni 1,000, toka 000 hadi 999. Streti ni mpaka zitoke kwa mpangilio wako: ukiandika 4-1-7, itoke 4-1-7, na dola yako moja italipwa 500. Boksi haijali mpangilio. 7-4-1 ni yako, 1-7-4 pia, jumla njia sita, ndiyo maana malipo hushuka hadi dola themanini na kitu. Ukirudia tarakimu, tuseme 7-7-2, njia ni tatu tu na malipo huongezeka kama maradufu.

Sasa shika kalamu. Nunua namba zote 1,000, dola moja moja, streti. Umetoa dola 1,000 na kushinda ni lazima. Utalipwa 500. Nusu nyingine imekwenda kwenye kamisheni ya duka, gharama za mchezo, na faida ambayo Ohio huipeleka kwenye elimu. Boksi nayo ukiipigia hesabu utafika hapo hapo.

Tuje kwenye daftari. Katika droo kumi zozote, uwezekano wa saba kutokaa mwisho hata mara moja ni kama asilimia 35. Si ajabu hata kidogo. Na droo ya kumi na moja, saba ina nafasi ile ile, moja kati ya kumi.

Mipira ya droo, ile yenye namba inayorushwa kwa hewa, naijua kuiva mara moja tu, jimbo la Pennsylvania, Aprili 24, 1980. Mtangazaji wa droo, Nick Perry, na wenzake walitia rangi ndani ya mipira yote isipokuwa ya 4 na ya 6. Iliyotiwa rangi ikawa mizito, haikuruka. Zikabaki namba nane tu zinazoweza kutoka, wakazinunua zote nane, maana hata wao wenyewe hawakujua itatoka ipi. Ikatoka 666. Wakakamatwa, Perry akafungwa. Huyo mwenzako ana daftari tu.

Kwa hiyo ishirini usiweke. Ukitaka kucheka na wenzako wakati wa mapumziko, weka moja, na uihesabu kama ya soda.

Jambo ambalo hukuuliza: saini tiketi nyuma. Kulikuwa na mzee akicheza namba ya nyumba aliyoishi na marehemu mkewe, kila siku kabla ya droo ya mchana, ile ya saa sita na dakika 29. Siku ilipotoka streti, tiketi ilikuwa imemdondoka mahali fulani kwenye maegesho, haina jina wala saini. Tuliitafuta kwa tochi mpaka droo ya jioni ikapita. Sheria ya Ohio inakupa siku 180 kudai ushindi, lakini utadai na nini mkononi?

Kalamu ipo pale pale kaunta, imefungwa kwa kamba.