Mume Alifariki, Sasa Hata Kuomba Siwezi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu alifariki kwa ajali mwaka jana mwezi wa tatu, akaniachia watoto watatu. Nimekuwa mwanakwaya tangu nipate kipaimara, lakini sasa ni miezi mitano sijakanyaga kanisani. Nikishika Biblia naona maandishi tu, nikipiga magoti sina la kusema. Nina genge la mboga, na VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wananidai marejesho ya miezi miwili. Bahasha za ahadi za kanisani sijazigusa, naona aibu. Wanajumuiya waliniambia nisilie sana, eti Mkristo halii kama wasio na tumaini. Jirani akanipeleka kwa nabii, naye anataka laki tatu ili avunje roho ya mauti iliyoingia nyumbani kwangu. Je, Mungu ameniacha? Nitarudije kuwa mtu mwenye tumaini?*

Marahaba binti yangu, na pole. Pole ya mume, na pole ya kubeba yote haya peke yako.

Nianze na la haraka. Hiyo laki tatu usiitoe, wala usikope ili uitoe. Fungua 2 Wafalme sura ya 4, aya saba za kwanza. Yupo pale mjane kama wewe: mume amekufa, ameacha deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamwendea Elisha. Elisha hamdai kitu. Anamwuliza ana nini nyumbani, naye ana chupa ya mafuta tu; anamwambia aazime vyombo kwa majirani, na mafuta yanapojaa anamwagiza akauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Mjane alimwendea nabii akiwa na deni, akarudi na cha kulipia. Mtu anayekutisha kwamba mauti yatarudi nyumbani usipolipa, mpime kwa sura hiyo. Akipiga simu tena, mwambie umerudi kwa mchungaji wako, ukate. Usijadiliane naye, maana atashusha bei mpaka afike pale unapoweza.

Sasa hilo la kutolia. Walichokuambia kinatoka 1 Wathesalonike 4:13, ila kimekatwa. Paulo anasema tusihuzunike “kama na wengine wasio na matumaini”. Hajasema tusihuzunike. Yesu mwenyewe alilia penye msiba wa Lazaro, na alijua kwamba muda si mrefu angemwita atoke kaburini. Waliokunyamazisha huenda wanakupenda, ila kilio chako kiliwazidi. Wasamehe, na usiwatii katika hilo.

Unauliza kama Mungu amekuacha. Swali lako limo ndani ya Biblia, na limewekwa humo liombwe. Zaburi ya 13 inaanza: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Zaburi ya 88 haina hata mwisho mzuri, inaishia gizani. Waliokusanya sala za taifa zima waliiacha humo makusudi, kwa sababu kuna majira mtu hana sala nyingine ya kweli. Kwa hiyo unapopiga magoti ukakosa la kusema, tatizo linaweza kuwa kwamba unatafuta maneno ya shukrani ambayo kwa sasa huna. Sema uliyo nayo. Mwambie Mungu umemkasirikia, kama umemkasirikia.

Lakini kabla ya sala kuna mwili. Hujaniandikia kama unalala na kama unakula. Eliya alipochoka akaomba afe (1 Wafalme 19), Mungu hakumkemea. Alimwacha alale chini ya mti wa mretemu, malaika akamwamsha ale mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Fuata utaratibu huo huo: mlo wa asubuhi kabla ya kufungua genge, hata kama ni uji tu, na saa ya kulala isiyobadilika. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, au hakuna chochote kinachokugusa, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, ueleze hivyo hivyo. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona hutibiwa kwa mazungumzo na pengine dawa. Kutibiwa si kukosa imani. Na likikujia wazo la kutaka kufa, usilale nalo. Siku hiyo hiyo mwambie mtu mzima unayemwamini, na akupeleke hospitali.

Sasa kila siku. Nakuomba dakika 10, usizidishe. Wengi wanaorudi kwenye imani baada ya pigo huanza kwa nguvu: saa nzima ya maombi, mfungo, mpango wa kusoma Biblia yote kwa mwaka. Wanafika Walawi wamechoka, wanaacha, halafu wanajihukumu kuliko mwanzo. Wewe amka dakika 10 kabla ya muda wako wa kwenda sokoni. Simu ibaki chumbani, tumia Biblia ya karatasi, kaa mahali pamoja kila siku. Soma zaburi moja kwa sauti, kwa sababu ukisoma kimya macho yanakimbia na akili inabaki kwenye marejesho. Zaburi hiyo hiyo irudie wiki nzima: wiki ya kwanza ya 13, ya pili ya 42, ya tatu ya 77. Ya 13 ina aya sita tu, na utaiona inavyokwenda: aya mbili za kulalamika, mbili za kuomba, mbili za kutumaini. Kisha andika kwenye daftari mistari mitatu kwa mpangilio huo huo. Kinachoniuma leo. Ninachoomba leo, kitu kimoja chenye jina, kama fedha ya daftari la mtoto au usingizi wa usiku huu. Na mstari wa tatu, neno moja la kumtegemea Mungu. Ukiwa huna, nakili la yule baba wa Marko 9:24: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Yesu aliipokea sala hiyo, akamponya mtoto. Malizia na Sala ya Bwana, kwa lugha ya nyumbani kwenu kama ndiyo inayokutoka kirahisi.

Utaruka siku, tena mapema. Kesho yake fanya dakika 10 zile zile, usilipe deni la jana. Katika Kutoka 16 mana, chakula walichopewa Waisraeli jangwani, iliyowekwa mpaka asubuhi ilitoa mabuu, na Maombolezo yanasema rehema za Bwana “ni mpya kila siku asubuhi”. Angalia maneno hayo yalipo: sura ya tatu kati ya tano, katikati kabisa ya kilio, na baada yake kilio kinaendelea mpaka mwisho wa kitabu. Kwa hiyo tumaini likikujia Jumanne asubuhi na Jumanne jioni ukalia tena, hujarudi nyuma. Wala usijipime kwa hisia. Baada ya mwezi soma daftari lako tangu ukurasa wa kwanza, uangalie kama maombi yako yamebadilika, kama umeanza kumwombea mtu mwingine. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini.

Kanisani rudi Jumapili hii. Usirudi kwaya kwanza. Wimbo mliouimba kwenye mazishi utakukuta umesimama mbele za watu, na unaweza kukimbia moja kwa moja. Mwambie mwalimu wa kwaya unahitaji miezi miwili mitatu. Kaa pembeni, karibu na mlango, ili machozi yakizidi utoke nje, unawe uso, urudi. Usipoweza kuitikia, nyamaza tu, usharika unaitikia. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alishushwa darini na watu wanne, na imeandikwa kwamba Yesu “alipoiona imani yao” ndipo akasema naye. Imani ya waliombeba ilihesabiwa. Meza ya Bwana ikiandaliwa, nenda. Ile bahasha isikuzuie: ahadi uliiweka mbele za Mungu ukiwa na mume, na sasa hali ni nyingine. Muone mzee wa kanisa wa jumuiya yenu, mwambie unaomba kuipunguza. Ni jambo la kawaida, na mzee mwenye busara hatalitangaza.

Kwenye jumuiya wape kazi iliyo wazi. Ukisema “niombeeni”, wataomba waondoke. Sema: nahitaji mtu wa kukaa na mtoto mdogo asubuhi mbili kwa wiki ninapokwenda sokoni. Sema: nahitaji mama mmoja aje Alhamisi tusome naye zaburi, na akinikuta nalia anyamaze. Chagua mmoja aliyewahi kufiwa, huyo hatakuwa na haraka na wewe.

VICOBA nitasema kwa ufupi. Mwendee mwenyekiti kabla ya siku ya kikao, si kikaoni, na upeleke kiasi unachoweza kulipa kila wiki bila kukwama. Uliza pia kama kikundi kina mfuko wa jamii na kama mfiwa anastahili. Deni lililopangwa hukuruhusu kulala, na usingizi ni sehemu ya uponyaji wako.

Watoto nao wamefiwa. Jioni, baada ya kula, kila mmoja aseme jambo moja la baba analolikumbuka au jambo moja la leo, mwimbe ubeti mmoja, mlale. Dakika tano. Ukilia mbele yao, waambie unalia kwa sababu umemkumbuka baba, ili wasidhani wamekukosea.

Mwezi wa tatu utakaporudi, usikukute peke yako. Mapema mwombe mchungaji au mwinjilisti ibada fupi ya kumbukumbu nyumbani. Usikope kwa ajili ya pilau, chai na maandazi yanatosha. Nyimbo chagua mwenyewe, na mtoto wako mkubwa akikubali, asome Zaburi.

Shangazi